Chokaa Kwenye Mkungu

Kazi ya kupunguza miti tunaifanya wawili, mimi na kaka yangu. Mimi huenda jioni na ndoo ndogo ya chokaa na brashi, napanda, napiga mstari panapotakiwa kukatwa. Yeye huenda asubuhi na msumeno na wabebaji wake. Haulizi kitu. Penye mstari mweupe anakata. Nikibadili mawazo, napaka tope juu ya chokaa, na tope maana yake ni acha.

Tumekwenda hivyo miaka kumi na minne bila kukosana. Kaka ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kupita penye kijitawi kilichokaa vibaya asikikate. Hata msibani nimewahi kumwona akinyofoa maua ya watu kwa kucha.

Mimi huchagua jioni kwa sababu jua likishuka nyuma ya mti, tawi bovu hujionyesha lenyewe. Wateja wetu wengi ni wenye nyumba za ufukweni. Wanataka kivuli na wanataka kuiona bahari, vyote kwa mti mmoja. Mtaka yote hukosa yote, lakini mteja humwambii hivyo.

Siku ile nilirudi kwenye nyumba ya ghorofa yenye geti la buluu. Mwaka uliotangulia tulipunguza mti wao mkubwa wa mkungu, upande wa kushoto peke yake. Mwenye nyumba alisimama chini akinifokea kutwa nzima, jitu la miraba minne lenye sauti ya kuamsha mtaa. Mkewe hakusema neno. Nilipojikata kidole kwa bati la ngazi ndiye aliyenifunga kitambaa, kisha akakibadilisha kwa kingine kisafi. Kile cha kwanza, kilicholowa damu, aliondoka nacho. Niliona ni wema wake.

Kidonda kilipona. Kidole chenyewe, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, kikabaki na ganzi. Daktari alisema ni mshipa.

Mama yule alinifungulia geti mwenyewe. Ua lilinuka majani ya mkungu yaliyooza kwa mvua. Nilimwuliza hali ya mzee. Akasema yupo ndani, amelala, upande mmoja umepooza tangu mwaka jana. Nikampa pole. Akaipokea kama mtu anayepokea risiti.

Alitaka tukate kilele. Nilimweleza kwamba mkungu haukatwi kilele, maji huingia kwenye jeraha, shina huoza kutoka juu hadi chini na mti wote hufa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Miaka ishirini na mbili,” akasema, “sijaiona bahari kutoka dirishani kwangu.”

Basi. Mteja akitaka, fundi anafanya. Nilipanda, nikazungusha mstari shingoni mwa mti, chini kidogo ya kilele. Brashi yangu imenyonyoka nywele katikati, kwa hiyo mstari wangu huwa na ufa mwembamba ndani yake. Kaka huutambua kokote.

Nilishuka na mikono imejaa chokaa. Mama alinielekeza bomba la ndani, mwisho wa ukumbi. Ili kulifikia lazima upite mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mlango ulikuwa wazi.

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Chumba cha mgonjwa hunuka dawa na mafuta ya kuchulia. Kile kilinuka chokaa mbichi...

Mzee alilala chali. Lile jitu lilikuwa limebaki mifupa. Mkono wa kushoto ulilazwa juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Taa ilikuwa hafifu. Nikasikia tone.

Tik.

Kimya.

Tik.

Nilisogea. Tone lilikuwa jeupe, linatoka shingoni mwake, linaangukia mto. Alikuwa amezungushiwa mstari, mbichi, bado unateleza. Katikati ya mstari kulikuwa na ufa mwembamba.

Niliitazama mikono yangu. Nikautazama mstari. Nilingoja woga uje, haukuja. Nilisimama tu pale kama gogo.

Mzee alikuwa macho. Mdomo ulikwenda upande, sauti ikatoka kwa upande uliobaki.

“Fundi... futa.”

Nilichukua pembe ya shuka nikafuta. Shuka ilirudi kavu. Nikasugua kwa nguvu mpaka ngozi ikawa nyekundu, na mstari uko palepale, mbichi, unadondoka.

“Kule,” akanong’ona. Jicho lake lilikwenda dirishani, kwenye mti. “Kule... futa.”

Nilitoka. Nje nilikuta mwanga umebaki kidogo. Nilichota tope penye bomba la bustani, nikalijaza kwenye ndoo, nikaegemeza ngazi. Nilijua la kufanya, na lilikuwa jambo rahisi kuliko yote ninayoyafanya katika kazi yangu: kupaka tope, kushuka, kwenda zangu. Asubuhi kaka angeona tope, angewasha gari na kuondoka.

Nilikuwa ngazi ya sita nilipomsikia chini yangu.

“Aliupanda siku aliyonioa,” alisema mama. Hakupandisha sauti. “Aliniambia, ‘Mti huu ndio mimi. Ukisimama, nimesimama. Hutatoka nje ya kivuli changu.’ Nilimsikia vizuri, fundi. Mimi nasikia vizuri.”

Nikapanda moja tena.

“Ukifuta hapo, ule mstari utatafuta pa kukaa.”

Alikuwa amegeuza uso kwenye kona ya ua, pale inaposimamishwa ngazi ya pili tukifanya kazi. Kulikuwa na mche wa mkungu, unanifika magotini, majani sita au saba. Mwaka jana haukuwepo. Kwenye kishina chake palifungwa kitambaa. Rangi ilishapauka, lakini niliijua ile damu. Hakuna asiyeijua yake.

“Umeshika vizuri,” akasema. “Udongo wa huku una chumvi, miche mingi hufa. Wako umeshika.”

Upepo wa bahari ulipita. Mche ukatikisika, na kidole changu cha mwisho, ambacho mwaka mzima hakikuwa na habari na mimi, kikatikisika.

Nilikaa pale kwenye ngazi muda mrefu. Nilimfikiria mke wangu. Niliwafikiria wanangu wawili, mdogo bado hajaanza kusoma. Kupitia dirishani nilikuwa naliona lile jicho moja, linanikodolea nikiwa juu ya ngazi, linangoja. Ningependa kuandika kwamba nililia, au nilimwomba Mungu. Nilihisi ubaridi tu wa tope likinikauka vidoleni.

Kisha nikashuka.

Nilimwaga tope, nikasuuza ndoo, nikakunja ngazi. Mama alinisindikiza mpaka getini na kunitakia usiku mwema, nami nikamjibu. Nyumbani nilikula. Mke wangu aliniuliza mbona kimya, nikasema kazi. Nikalala, na usingizi ulikuja. Hilo ndilo ambalo mpaka leo sijajisamehe.

Kuna saa nilifikiri kumwambia kaka asiende. Ningesema nini? Angecheka mpaka akae chini. Na kama asingecheka, kama angekubali na kupaka tope kwa mkono wake, mstari ungetafuta pa kukaa. Nikanyamaza. Nafsi yangu niliijua siku ile, na si nzuri.

Asubuhi nilibaki nyumbani. Saa nne kaka alifika, akaketi mezani kwangu, akavua kofia. Alisema kazi imekwisha, kilele kimekatwa palepale pa mstari wangu na kimeanguka vizuri, hakijavunja hata kigae. Ila nyumba ile ina msiba. Kilele kilipogusa ardhi, ndani mtu akalia mara moja tu, kisha kimya. Baadaye mama akatoka na kuwaambia mzee amepumzika. Hakuwa na machozi. Alipanda ghorofani, akafungua dirisha, akasimama akitazama baharini. Walipoondoka alikuwa bado amesimama.

“Kakusalimu,” alisema kaka. “Anashukuru sana. Anasema hana tena la kudai, na ule mche wako atautunza. Mche gani?”

Nilivuta pumzi ya kwanza tangu jana. Nilijiambia mzee amekwenda, deni la yule mama lilikuwa kwake, si kwangu, na mche utatunzwa. Mke wangu alikuja na birika, akaanza kunimiminia chai.

“Ule wa kona?” nikauliza. “Kaka, ule wa kona hukuugusa?”

“Ah, ule.” Alikuwa anatafuta sukari. “Sikuukata. Nilipunguza kijitawi kimoja tu, cha kushoto. Kilikuwa kinazuia ngazi.”

Nilimtazama. Alikoroga chai yake, akainua macho, akaacha kukoroga. Mke wangu naye alikuwa ameganda na birika mkononi, midomo imefunguka. Hawakunitazama usoni. Walitazama meza.

Kikombe kilikuwa kimeinama. Chai ilikuwa inamwagikia mkono wangu wa kushoto, imeulowesha, inatiririka kuelekea kwenye kiwiko. Ilikuwa imetoka jikoni sasa hivi. Mvuke ulipanda, na ngozi ilikuwa inaanza kuvimba.

“Toa mkono,” mke wangu akanong’ona. “Baba watoto, toa mkono.”

Niliuambia utoke...