Mkeka wa Guka Ngatia

Ushawahi kusikia mashine ikimwita mtu aliyezikwa?

Beth, muuguzi wa makao ya wazee, aliisikia saa nne asubuhi, Julai, ukungu umefunika kijiji chote cha Giakanja. Kengele ililia mezani pa wauguzi na skrini ikaandika: NGATIA ANAAMKA, KITANDA SITA. Guka Ngatia, babu wa kitanda hicho, walimzika Jumamosi. Alianguka hapo hapo kitanda sita, kengele ikalia hadi ikachoka, kwa sababu Beth alikuwa mmoja kwa wazee thelathini.

Akakimbia. Kitandani alikuwa Cucu Watiri, bibi ambaye nyonga yake ina vyuma, daktari ameshasema akianguka tena hainuki. Chumba kilinuka ugoro, na Watiri havuti ugoro; aliyevuta ni Ngatia.

"Beth," akanong'ona, "huyu mzee ananisukuma. Ati nimelala kwake."

Mkeka wa kihisi, ule unaoliza kengele mzee akijaribu kuinuka, ulitolewa chini ya maiti ya Ngatia ukatandikwa chini ya Watiri siku hiyo hiyo.

"Boss, kwetu vitu za marehemu hutolewa nje kwanza," Beth alimwambia meneja Waweru. "Na jina nimefuta mara tatu. Inajirudisha."

"Na degree yako yote unaniletea ngoma, mizimu ya wazee? Hiyo ni system error. Wageni wa kaunti wako njiani kuizindua, na wewe unataka wapokelewe na kelele?"

Akabonyeza mwenyewe kuzima sauti. Kengele ikanyamaza.

Wageni wakaja, wakakata utepe, wakapiga picha na skrini, wakala mandazi, na wakati huo wote Beth akisukuma viti vya magurudumu huku akitazama mlango wa chumba cha Watiri, harufu ya ugoro ikatambaa koridoni, ikapita chini ya meza ya chai, ikapita makofi na hotuba, na nyuma yake zikafuata nyayo, polepole, nzito, za mtu mwenye fimbo, zikaingia chumba cha kitanda sita, na skrini ikawaka NGATIA ANAAMKA, ANAAMKA, ANAAMKA, bila sauti hata kidogo, mpaka kitu kikagonga sakafu.

Watiri hakuinuka.

Beth aliuchoma mkeka nyuma ya jikoni. Jumatatu ukaletwa mwingine, mpya, bado na plastiki, ukatandikiwa Cucu Wamucii, aliyepewa kitanda sita. Kabla hajalala, skrini ikawaka kimya: WATIRI ANAAMKA.

Sasa nyinyi wa utepe na mandazi, acheni kutuambia ni teknolojia. Rudisheni sauti ya kengele leo. Na ajirini watu wa kukimbia ikilia, kwa sababu huko Giakanja wanaoisikia kwa sasa ni wafu peke yao.