Kibati Kilichong'aa Mno

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, majitaka yalikuwa yakimiminika ziwani bila kusafishwa. Katika mtambo wa Kowuor, nje kidogo ya Homa Bay, kabati la umeme la pampu lilikuwa limeungua. Kufikia jioni fundi umeme, Wangwe, alikuwa seli, na watoto wanne wa ufukweni walikuwa hospitalini wakiharisha. Kesho yake saa tatu Wangwe angesomewa mashtaka ya kuharibu mali ya umma.

"Wiki jana alisema hii mtambo itazima," meneja Ombui alimwambia Sajini Priscilla Arasa. "Si hiyo ni kutisha?"

"Au alikuwa anakuonya. Gesi ya majitaka hula nyaya za shaba."

"Hapa haili. Hewa ya hii chumba ya umeme inapita kwa chujio ya makaa maalum. Mwezi jana nilibadilisha mwenyewe, kabla niende Osiri kusalimia shemeji." Akaonyesha kibati cha shaba kilichotundikwa ukutani. "Shahidi ndiyo hiyo, iko hapo miezi tatu. Gesi ikiingia, inakuwa nyeusi. Sasa angalia."

Kibati kilikuwa kinang'aa. Miezi mitatu karibu na uchafu wa mji mzima, na kinang'aa kama sufuria mpya! Priscilla alihisi hasira ikimpanda. Alifungua skrubu zake, akakigeuza. Nyuma kilikuwa cheusi tii.

Akamwita Metrine, mama wa usafi.

"Mama, nani alisugua hii?"

"Ni mimi, madam. Jana. Bosi alisema wageni wanakuja, kila kitu ing'are. Hiyo akanionyesha na kidole. Nikachukua majivu na waya ya sufuria." Akashika mdomo. "Kwani nilikosea?"

"Hukukosea, mama. Bwana Ombui, ufunguo wa sanduku la chujio uko kwa nani?"

"Kwangu," alijibu, akifuta jasho.

Priscilla alilifungua. Metrine akachungulia. "Woi! Si hii ni makaa ya kuchoma samaki?"

Yalikuwa hayo hayo, magome bado yameshikilia. Priscilla alikuwa amefanya kazi Migori, karibu na migodi ya dhahabu ya Osiri, miaka minne. Alijua makaa maalum ya chujio ndiyo pia yanayonasa dhahabu kwenye matangi ya wachimbaji.

"Shemeji yako anafanya kazi gani Osiri?"

Ombui aliinamisha kichwa. "Ako na matangi ya dhahabu. Lakini madam, nilimpelekea magunia sita tu."

"Sita tu!" Priscilla alifoka. "Watoto wamelazwa, maji ya kunywa yamejaa kinyesi, na mtu aliyekuonya umemfungisha! Huna haya?"

Jumatano saa tatu, aliyesimama kizimbani alikuwa Ombui. Wangwe alikuwa mtamboni, na nguo zile zile za seli, akitundika kibati kipya.

"Mama Metrine," alisema, sauti ikitetemeka kwa hasira, "hii hata gavana akuje, usiguse. Wacha aione ikiwa nyeusi."