Aliyeshuka Peke Yake Lamu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la vitambaa la kina Osman pale Oloo Street, Eldoret, lilijaa hadi mlangoni. Jemutai alikuwa ameshika ncha moja ya kitambaa cha zambarau, mama mmoja wa Moi's Bridge ameshika nyingine, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Osman mwenyewe, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, akaja kuamua. Alimtuliza yule mama kwa kipande kingine, kisha akamgeukia Jemutai.

"Mwalimu, hii imekuchagua wewe."

"Nani amekuambia mimi ni mwalimu?"

"Chaki iko kwa sweta yako."

Jemutai alicheka, naye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Hivyo ndivyo walivyojuana. Osman akawa anampigia simu shuleni kila Ijumaa, na kwa kuwa simu ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Jemutai alijibu ndiyo na hapana tu, huku Osman akimchokoza makusudi, akimwita malkia wa Uasin Gishu na kumwomba aseme hiyo ndiyo kwa sauti zaidi. Kwao, kijijini Ziwa, Jemutai hakusema kitu. Baba yake, Mzee Kimeli, alikuwa mzee wa kanisa, na habari ya kijana Mwislamu ilihitaji siku yake.

Agosti walimu walipanga safari: treni mpaka Mombasa, halafu meli ya kitalii mpaka Lamu na kurudi. Nafasi zilibaki, Osman akanunua moja. Jemutai alilala chumba kimoja na mwalimu mwenzake, Musimbi, lakini jioni alikaa sitahani na Osman, wakipanga watakavyozunguka Lamu wawili tu, bila mtu wa kuwaonyesha njia, wakiingia kichochoro chochote watakacho.

Asubuhi meli ilipotia nanga, boti zikaja kuwachukua abiria. Osman alitoka uso umekauka. Kiongozi wa msafara alikuwa anawakusanya watu wake, na Osman akaenda kusimama katikati yao.

Jemutai alimfuata, akamkumbusha mipango yao. Osman akasema ni afadhali waende na kundi. Alipoulizwa sababu, akasema jua ni kali, mji hawaujui. Jemutai akamwambia yeye si ng'ombe wa kuchungwa. Osman akawa anatazama ng'ambo, gatini. Jemutai naye akatazama kule, akaona kanzu na mabuibui, akajijibu mwenyewe: anaona haya kuonekana na Mkristo mbele ya watu wa dini yake.

"Basi nenda na kundi lako," alisema. "Mimi najua kutembea."

Akashuka peke yake. Alipita vichochoro vyembamba, akapotea, akaonyeshwa njia na wanawake wema. Ulikuwa mji mzuri, na hakuufurahia hata kidogo; kila mlango wa nakshi alioutazama, alitamani kumwonyesha mtu. Mara moja aliliona kundi likipita mbele ya askari, Osman katikati, kichwa chini. Hawakusimamishwa.

Waliporudi Eldoret hakutaka tena kumsikia. Ijumaa simu ikilia, alimwomba karani aseme yuko darasani. Musimbi alimwambia mwanamume akikuficha, ujue amekwisha kukuacha, na Jemutai aliamini, ingawa usiku mto wake ulilowa.

Mwezi ukapita. Siku moja alikuwa sokoni, manyunyu yakianguka, alipomwona Osman amesimamishwa na askari wawili. Watu walikuwa wakipita pande zote na hakuna mwingine aliyeulizwa kitu. Mwaka ule Wasomali wa Kenya, kina Osman wakiwamo, waliandikishwa upya, wakapewa kadi za kuonyesha kwamba ni Wakenya. Jemutai alikuwa ameisikia habari hiyo redioni kama mtu asikiavyo mvua ya nchi nyingine. Sasa alimwona askari akiisugua kadi ya Osman kwa kidole gumba, akiuliza baba yake alizaliwa wapi. Osman akasema hapa hapa Eldoret. Akaulizwa tena. Na uso wake ulikuwa uleule wa asubuhi ya Lamu.

Jemutai akaelewa. Miguu yake ilimpeleka mpaka kando ya Osman.

"Wewe ni nani wake?" askari akauliza.

Jemutai alikuwa mwalimu wa serikali, mwenye kazi ya kupoteza. Hatua chache kutoka hapo, mama mmoja wa Ziwa, aliyesali kanisa moja na mama yake Jemutai, alikuwa ameacha kupanga kabeji zake ili asikie vizuri.

"Ni mchumba wangu."

Askari alimpima toka viatu hadi kitambaa cha kichwa, akamwambia afikirie vizuri, kisha akairudisha kadi.

Walijikinga mvua chini ya kibaraza. Osman akamsimulia habari za kaka yake Mohamed, dereva wa lori, aliyeshuka peke yake kunywa chai mji wa mbali, karatasi zake zikabaki garini. Alichukuliwa, akavushwa mpaka wa nchi kama mgeni, na hajarudi. Mama yao bado anampakulia chakula.

"Ukiwa kwa kundi hakuna mtu anakuuliza wewe ni nani," alisema. "Ukiwa peke yako, ndiyo wanakuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanza vipi? Mwanaume mzima aseme anaogopa?"

Jemutai alilia kidogo, kwa kujikasirikia kwamba alimchukia bure. Osman akamuuliza kama lile neno alilosema kwa askari lilikuwa la kumwokoa tu.  Jemutai alikuwa anamtazama mama wa kabeji, ambaye alikuwa amefunga biashara mapema na kuelekea kwa magari ya Ziwa.

"Yule atafika kwetu leo," alisema. "Sitaki baba asikie kwake."

"Siwezi kuja bila wazee wangu, Mwalimu. Si heshima."

"Wazee watakuja siku yao. Leo njoo na mimi."

Osman alitazama barabara ya Ziwa, ambayo siku hizo haikukosa kizuizi cha polisi.

"Naogopa," alisema.

"Hata mimi," Jemutai akajibu, akamshika mkono mbele ya soko zima, wakaenda.