Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Mwaka ule wa 1994, kila jioni baada ya masomo, sisi wa darasa la saba tulisukuma madawati ukutani tukaligeuza darasa letu la shule ya Kiganjo, mjini Thika, kuwa jukwaa. Mwalimu Magdalene alikuwa akitufundisha mchezo wa zamani. Ndani yake binti anachumbiwa na tajiri. Mbele ya wageni, baba anampa kibuyu cha pombe na kumwuliza kama wainywe. Akionja, amekubali ndoa, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wetu. Binti huyo anakirudisha kibuyu kikiwa kimejaa.

Rafiki yangu Syombua ndiye aliyekuwa binti, naye Nzau alikuwa baba. Mimi Wamboi, kwa kuwa sikuweza kukariri hata mistari miwili, nilifanywa mbuzi wa mahari. Usinicheke, hata mbuzi ana kazi yake.

Shida ilianza Mzee Boaz, baba yake Syombua, aliposikia habari za mchezo. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi na alipenda kutiiwa. Alikuja shuleni amekunja uso.

"Mwalimu, msichana wangu hawezi kuaibisha baba mbele ya watu, hata kama ni mchezo. Aonje hiyo pombe, ama asiende Ruiru."

Ruiru ndiko kulikokuwa na mashindano ya shule, Jumamosi. Bila Syombua hatukuwa na mchezo. Mwalimu alikubali shingo upande, na mwisho ukabadilishwa.

"Wamboi, huyo msichana hakutaka," Syombua aliniambia tukienda nyumbani. "Nikionja, nitakuwa nimemsingizia."

Ijumaa tuliwaonyesha wazazi mchezo wetu. Mzee Boaz alikaa mbele kabisa. Nzau aliinua kibuyu. "Binti yangu, wageni wamefika. Tuinywe pombe hii?"

Kibuyuni mlikuwa na uji wa wimbi tu. Syombua alikipokea kwa mikono miwili. Kutoka pale chini nilipopiga magoti, nilimwona akiinua uso. Macho yake yalimpita Nzau yakamfikia baba yake mwenyewe.

"Baba," alisema polepole, "nakuheshimu. Lakini msiinywe. Mimi sijakubali."

Akakirudisha kibuyu bila kumwaga hata tone. Nilimjua Syombua tangu darasa la kwanza, tumegombania penseli na mandazi, lakini yule aliyesimama pale sikumjua. Nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Nilisahau kwamba mimi ni mbuzi, nikainuka kwa miguu miwili, na hakuna aliyenicheka.

Mzee Boaz akasimama. "Ngai, Mungu wangu, leo atachapwa," nilinong'ona.

"Syombua," alisema, "ungeniambia nyumbani."

"Nilikuambia, baba. Mara mbili. Ulikuwa unasikiza habari kwa redio."

Mama mmoja akaangua kicheko kule nyuma. Mzee Boaz alikuna kichwa. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni kweli, uliniambia," alisema, kisha akatugeukia sote. "Alipokishika hicho kibuyu, nilijikuta nangoja jibu. Sijawahi kungoja. Dada yangu aliulizwa hivyo hivyo, nami nilikuwa hapo. Alilia. Tukasema analia kwa furaha, tukanywa."

Darasa zima lilimtazama. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akisema jambo kama hilo mbele ya watoto.

"Kesho nenda Ruiru, mama," alimwambia bintiye, "umwigize vile alivyo. Na nyinyi watoto, mkimwuliza mtu neno, mngojeeni ajibu. Kama hana ruhusa ya kusema hapana, basi hamjamwuliza kitu."

Syombua, aliyekuwa amesimama imara wakati wote huo, ndipo akaanza kulia, na baba yake akamwuliza kwa nini, kisha akangoja ajibu.