Njaa Iliyojificha Nyuma ya Ufupi

Nukta alikuwa mfupi, na kiwanda kizima cha mbao kilijua. Kazi yake ilikuwa kunoa misumeno. Alisimama juu ya kreti ili aifikie mashine ya kunolea.

"Nukta, umesimama au umekaa?" alitania mpanga mbao mmoja, jitu refu waliyemwita Mlingoti.

"Nimesimama. Inama uone vizuri," alijibu Nukta. "Tena uniheshimu. Bila nukta, wewe ungeropoka mpaka kesho."

Watu wakacheka, na Nukta akacheka nao. Wazee wake walikuwa watu wa msituni, wafupi wote, na kimo chake hakikumtia aibu hata siku moja. Kilichomtia aibu ni chungu cha nyumbani kwake.

Walipotoka msituni kuja kuishi kwenye nyumba za kiwanda, mkewe aliendelea kupika alivyozoea. Alikaanga viwavi. Alipika uyoga, mboga za porini na samaki wadogo wa kijitoni. Alisaga kokwa za matunda ya porini, akaunga nazo mchuzi. Majirani wakachungulia. Kesho yake maneno yakafika bombani: "Wale wanakula wadudu!"

Nukta aliposikia, damu ilimchemka. Alifika nyumbani bado ameshika tambara la mafuta.

"Kuanzia leo sitaki kuona mdudu kwenye chungu," alisema. "Tutakula kama watu."

"Kwani tulikuwa tunakula kama nini?" mkewe akauliza.

Nukta akajifanya hakusikia.

Basi wakala muhogo. Asubuhi muhogo na chai ya sukari. Mchana muhogo na chumvi. Jioni ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi, mwepesi kiasi kwamba ungeweza kujiangalia humo na kuchana nywele. Matumbo yalijaa, na hakuna aliyewacheka tena. Nukta akaona mambo yamekaa sawa.

Mtoto wao wa mwisho, binti mdogo waliyemwita Kitinda, alikuwa ameacha kunyonya. Siku hizi alikuwa mpole kupita kiasi. Hakulia wala kudai kitu. Alikaa mlangoni tu, akiangalia wenzake wakicheza. Nywele zake zilikuwa nyepesi, na rangi yake kama kutu. Lakini mashavu yalikuwa yamejaa.

"Mwone anavyonenepa!" Nukta alijisifu.

Jirani yao, mama mmoja fundi cherehani, alikuja kumpima Kitinda gauni. Alimvua ndala, kisha akauinua mguu. Ukanda wa ndala ulikuwa umeacha mfereji kwenye mguu wa mtoto.

"Shemeji, usinielewe vibaya," alisema. "Huyu mtoto hayuko sawa. Ni mdogo mno, halafu hii miguu..."

Hakumaliza. Nukta alishasimama.

"Ni mdogo mno? Hata wewe? Kazini Nukta, njiani Nukta, na sasa mnanifuata mpaka ndani ya nyumba yangu? Sisi ni wafupi! Baba yangu mfupi, babu yangu mfupi. Kama kimo chetu kinakukera, shona mapazia yako ufunike macho!"

"Nimesema miguu, shemeji. Sijasema kimo."

"Mlango uko wazi, shemeji!"

Fundi cherehani alikunja futi yake, akaondoka. Nukta akamgeukia mkewe akidhani atamuunga mkono. Mkewe alikuwa amepiga magoti, ameshika miguu ya mtoto.

"Amesema kweli," mkewe alisema polepole. "Mimi mwenyewe nilimpeleka zahanati siku ya kupima watoto. Bwana Mizani, yule mpimaji, akamtupia jicho tu. Akasema, 'Hawa wa msituni ndivyo walivyo, rudi nyumbani.' Nikaona haya, nikarudi."

"Unaona? Hata zahanati wanajua ni asili yetu."

"Asili gani?" Mkewe alisimama. "Wewe unaogopa kuchekwa kuliko unavyoogopa kufiwa! Msituni mtoto gani wetu alivimba miguu? Niambie mmoja!"

Nukta aliitazama miguu ya mtoto. Alimbeba Kitinda, wakatoka.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha kupimia, chenye mabenchi marefu na ubao wa kupimia kimo ukutani. Bwana Mizani aliwaona, akatabasamu.

"Huyu tena? Mama, nilishakwambia. Hawa ni wafupi kwa—"

"Mlete hapa," alisema nesi aliyekuwa meza ya pili. Alikuwa amekwisha kuiona miguu.

Alimkalisha Kitinda mapajani. Akabonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba, akahesabu polepole, akaachia. Kila mguu ulibaki na shimo, kama unga uliokandwa ukichomwa kidole.

"Huu ni unyafuzi," nesi alisema. "Ni utapiamlo wa hatari. Hayo mashavu si unene, ni maji. Anakula nini?"

"Muhogo," mke wa Nukta alijibu. "Anashiba."

"Na nini kingine?"

Hapakuwa na kingine.

"Muhogo unajaza tumbo, lakini haujengi mwili peke yake. Huko mlikotoka mlikula nini?"

Mke wa Nukta alimtazama mumewe, kisha akataja yote, viwavi, uyoga, kokwa, mboga, samaki. Alisubiri kicheko. Nesi akapiga meza kofi.

"Mlikuwa na chakula bora kuliko nusu ya watu wa mji huu! Viwavi hujenga mwili kama nyama. Kokwa zina mafuta. Mboga zina vitamini. Nani aliwaambia muache?"

Nukta aliangalia sakafu. "Mimi. Walitucheka."

"Lakini dada nesi," Bwana Mizani alijitetea, "si kweli kwamba hawa ni wafupi kwa asili?"

"Ni kweli! Ufupi wao wameurithi. Msituni kuna joto na unyevu, jasho halikauki upesi. Wataalamu wanasema huenda mwili mdogo unafaa kule. Hautoi joto jingi, unatosheka na chakula kidogo, na unapenya vichakani kirahisi. Bado wanabishana sababu hasa ni ipi. Lakini hakuna binadamu mwenye asili ya kuvimba miguu! Mtoto mfupi anaweza kuwa mzima kabisa. Mtoto mrefu anaweza kuwa na njaa. Wewe ulitazama kimo ukaacha kumtazama mtoto. Utepe wa kupimia unene wa mkono uko wapi?"

Bwana Mizani alifungua droo. Utepe ulikuwa umekunjwa vilevile ulivyoletwa, haujatumika hata mara moja.

Hapo Nukta alilipuka. "Mke wangu alikuja hapa! Alimleta kwa miguu yake! Ungeshika mguu mmoja tu, mguu mmoja! Ukatutupia hiyo asili yetu kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa!" Kisha akashusha sauti. "Na mimi nikaudaka, nikajisifu nao."

Siku hiyohiyo gari la zahanati liliwapeleka hospitali. Kitinda alinyweshwa maziwa maalumu ya matibabu, kidogokidogo, usiku na mchana, maana mtoto wa hali hiyo hashindiliwi chakula. Akapewa dawa. Maji yalipotoka mwilini, mashavu yakaisha, ikabaki mifupa. Nukta aliogopa.

"Sasa ndiyo unamwona alivyo," daktari alimwambia. "Tulia. Tutamjenga."

Wakamjenga. Siku alipompiga mama yake kibao akidai kikombe, mama yake alicheka mpaka akalia.

Waliporudi nyumbani, Nukta mwenyewe aliingia msituni na mkewe. Wakarudi na viwavi, kokwa, na uyoga ule wanaoujua tu. Wakapika nje, mlango wazi. Muhogo haukufukuzwa, ila sasa ulikuwa na wenzake sahanini. Siku ambazo msitu haukuwapa kitu, walinunua maharage au dagaa.

"Wadudu tena, Nukta?" Mlingoti aliuliza akipita.

"Tena wengi. Binti yangu karibu afe ili nyinyi msinicheke. Cheka sasa, nakusikiliza."

Mlingoti hakucheka. Alisema pole. Jioni fundi cherehani alikuja na gauni. Nukta alimwomba msamaha mbele ya watu.

"Nilikuwa nakusubiri, shemeji," fundi alisema. "Sasa nipishe, mtoto amekua, inabidi nilegeze mishono."

Ikafika siku ya kupima. Bwana Mizani alimwona Nukta, akaukwepa ubao wa ukutani. Alipiga magoti, akabonyeza miguu ya Kitinda. Nyama ikarudi palepale. Akamzungushia utepe mkononi.

"Umefika kwenye kijani," alisema. "Mzima." Akasita. "Ila bado ni mfupi."

"Kama baba yake," mke wa Nukta alisema. "Andika mzima."

Kitinda alikuwa ameupenda ule utepe wa rangi. Aliunyakua, akakimbia.

"We mtoto! Rudisha!" Bwana Mizani alimfuata. Kitinda akapita chini ya benchi la kwanza bila kuinama, akapita la pili. Bwana Mizani aligonga goti kwenye la kwanza, akabaki anarukaruka kwa mguu mmoja. Akina mama benchini walipiga vigelegele.

"Mkamate, baba yake!" aliomba.

"Nimkamate?" Nukta alikaa, akanyoosha miguu. "Mwache akimbie."