Kopo la Unga na Ghala la Mafuta

Kila Jumamosi nyumba ya Methodi na Angelika ilinukia maharage. Jumamosi ile ilinuka petroli.

Angelika alikuwa ametoka kazini Westerville, anakotunza wazee. Alivua viatu mlangoni, akasimama, akanusa.

"Baba Florida, kuna nini humu?"

"Hakuna kitu," Methodi alijibu bila kugeuka. Alikuwa anakoroga maharage, na mtu anayekoroga maharage kwa bidii namna ile ana lake jambo.

Binti yao Florida, wa miaka tisa, alikuwa mezani na daftari lake. "Baba ameweka gas kwenye closet," alisema.

Angelika akafungua mlango wa chumba kidogo cha hita ya maji. Mlikuwa na madumu sita ya plastiki nyepesi, yale ya maji ya kunywa. Sasa yalikuwa na petroli. Hatua moja kutoka hapo, chini ya hita, mwali mdogo wa bluu ulikuwa unawaka.

"Methodi!" Angelika humwita hivyo mara moja tu kwa mwaka, na huwa si siku ya sherehe.

Msomaji, usimcheke haraka. Methodi alikuwa na sababu yake. Vita vya mbali vilikuwa vimezuia meli za mafuta, na bei ilikuwa imepanda. Kisha ikatangazwa kwamba serikali ya Marekani imefungua ghala lake la mafuta ya dharura. Wenzake kazini walipumua. Methodi aliogopa. Yeye ni Mrundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Huko, ghala la akiba likifunguliwa, watu walijua kwamba mwezi unaofuata posho itakatwa. Aliliona hilo mara tatu.

Tena Jumamosi iliyofuata kulikuwa na safari. Kutoka hapo Columbus alitakiwa aende Louisville, amchukue mama yake, Rakeli, ampeleke Buffalo. Huko mdogo wake Zabroni alikuwa anambatizisha mtoto wake wa kwanza. Mama hakuwa amemwona Zabroni kwa miaka sita. Je, wakikosa mafuta katikati ya njia? Mama mzee alale barabarani? Wazo hilo lilimkosesha raha. Basi alipanga kuyapakia madumu yote ndani ya gari, pamoja na mama, mke na mtoto.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Nsimire, jirani wa mlango wa pili, Mkongomani wa Bukavu. Wengi humwita Mama Cubaka. Anafanya kazi kwenye bohari la mafuta nje ya jiji, akipima matangi.

"Bon, jirani, minasikia harufu ya essence mpaka kwangu. Inatoka wapi?"

Angelika alionyesha madumu ya petroli kwa kidole. Nsimire alitazama mara moja tu.

"Zima jiko! Mutoto atoke inje. Fungula madirisha yote. Musiguse swichi hata moja."

Alisema kwa upole, lakini hakuna aliyebisha. Walitoa madumu nje, moja moja, mpaka kwenye nyasi mbali na magari. Nsimire akawapigia simu watu wa zimamoto. Walikuja, wakapima hewa ndani ya nyumba, wakasema sasa ni salama. Petroli ikahamishiwa kwenye madumu mekundu ya Nsimire, ili aipeleke kwenye kituo cha jiji kinachopokea takataka za hatari.

Waliketi kwenye ngazi.

"Siyo essence njo inawaka kwanza," Nsimire alisema. "Ni mvuke wake. Ni muzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwa moto wa hita. Na plastiki ya maji, essence inaiharibu. Dumu nyekundu njo ya kazi ile, na haikae ndani ya nyumba, wala ndani ya gari yenye kubeba bantu."

"Lakini mafuta yanaisha, Mama Cubaka. Serikali imefungua ghala."

"Nani alikuambia yanaisha?"

Methodi akamsimulia habari za kambini. Nsimire alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mama yako alifanyaka nini?"

Methodi alitabasamu. "Alikuwa na kopo la unga chini ya kitanda. Ole wako ukiligusa."

"Alikuwa analifungula wakati gani? Chakula ikiisha kabisa?"

"Hapana. Lori la posho likichelewa. Anatoa vikombe viwili, tunakunywa uji, tunatulia. Lori likija, anarudisha vikombe viwili kabla hajapika."

"Basi!" Nsimire alijipiga magoti kwa viganja. "Ile ghala ya serikali njo kopo ya mama yako."

Angelika akacheka. Methodi hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Liko wapi hilo kopo?" aliuliza.

"Chini ya udongo, kule Texas na Louisiana, karibu na bahari. Kuko miamba ya chumvi. Balichimba mapango marefu ndani yake, njo banaweka mafuta ghafi. Balianza miaka ya sabini, sababu nchi zingine zilikatala kuuzia Amerika mafuta. Bantu balipanga mistari mirefu kwa stesheni ya essence."

"Mafuta ghafi ni yapi?"

"Vile inatoka chini, nyeusi. Gari haiwezi kuinywa. Inaenda kwanza kwa kiwanda cha kusafisha, kisha inakuja kwetu kwa bomba na malori. Donc bei haishuke kesho asubuhi. Inashuka pole pole."

"Na kopo likiisha?"

"Banatoa kwa kipimo. Ingine banauzisha. Ingine banakopesha makampuni, nayo yanarudisha na nyongeza. Tena nchi zingine nyingi ziko na makopo yao. Zilipatana: nchi yenye kununua mafuta inje iweke akiba ya siku tisini. Na Amerika inachimba yake pia. Umeme unatoka kwa gesi, nyuklia, upepo, jua. Nchi haitegemee sufuria moja."

"Basi sisi tufanye nini?"

"Usijaze madumu. Wewe sita, jirani sita, stesheni inakauka hata kama bohari yetu imejaa. Nimeona kwa macho. Tangi ya gari isishuke chini ya nusu. Pima upepo wa matairi. Usikimbize gari. Nyumbani weka maji, chakula, tochi. Njo ile tu."

Methodi aliinamisha kichwa. Aliona aibu, na alisema hivyo: "Naona aibu, Mama Cubaka." Kisha akaruka kama aliyechomwa na mwiba.

"Mama yangu! Nilimwambia naye aweke!"

Akapiga simu Louisville. Rakeli alipokea kwa furaha.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Dumu langu liko salama. Nimeliweka jikoni, kando ya jiko."

"Mama, umewasha jiko?"

"Ndiyo kwanza nakaribia kuwasha."

"Usiwashe! Mama, nisikilize. Fungua mlango, fungua madirisha, usiguse swichi. Toka nje sasa hivi. Mimi ndiye niliyekosea."

Methodi alimpigia Laurentine, jirani wa mama na mwenzake wa kanisani. Dakika ishirini zilikuwa ndefu kuliko wiki nzima. Mwishowe Laurentine akampigia. Alikuwa amelitoa dumu, na petroli ilikuwa kwenye dumu jekundu la mashine yake ya kukatia nyasi, ndani ya banda lake la uani. Mama alikuwa amekaa kwake anakunywa chai. Methodi alilia mbele ya Nsimire, na hakujificha.

Jumamosi iliyofuata walisafiri. Walijaza mafuta Louisville, wakajaza tena Columbus, wakajaza na Cleveland. Petroli ilikuwepo kila mahali. Bei ilikuwa bado juu kidogo. Rakeli aliangalia pampu kupitia dirishani.

"Kumbe ipo," alisema.

"Ipo, mama."

Jioni walifika Buffalo. Zabroni alimkumbatia mama yake mlangoni. Kisha Rakeli akafungua mfuko wake, akatoa kopo. Lilikuwa na kutu ukingoni. Ndani lilikuwa limejaa unga.

Zabroni alilijua. Akalipokea kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

"Mama, nitaogopa kulifungua."

Methodi akamwekea mkono begani.

"Usiogope," alisema. "Lori likichelewa, lifungue. Likija, rudisha vikombe viwili kabla hujapika."