Majani Yasiyokatwa

Jamaa zangu mnaoishi ukuta kwa ukuta na majirani, tegeni sikio. Habari hii inatuhusu sote.

Nje kidogo ya Kagarama, kwenye mteremko unaoshuka bondeni, Benon na mkewe Shallon waliishi na mtoto wao Ariane, wakijipatia riziki kwa kupandisha watu farasi kwa malipo. Walikuwa nao wanne tu, na Shallon ndiye aliyewaongoza. Kila asubuhi jirani yao Pudentienne alikuja na mundu kuwakatia ng'ombe wake majani pale mteremkoni. Alisalimia, akakata, akajitwika mzigo, akaenda zake. Farasi walimzoea hata hawakuinua vichwa.

Amani hiyo ilivurugwa na picha. Bibi harusi mmoja alipigwa picha juu ya farasi kwenye kona ambayo haijakatwa bado, majani marefu ya rangi ya dhahabu yamemzunguka. Picha ikasambaa kwenye simu za watu, na kila mteja akataka vivyo hivyo. Ili majani yarefuke, Benon akazungushia mteremko wote senyenge, hata njia ya kwenda kwenye migomba ya Pudentienne akaiziba.

"Mama, kuanzia leo hakuna kukata," alimwambia.

"Bosi, hii majani ikikauka itakuwa kuni," Pudentienne alisema. "Ukiacha nikate, si tunasaidiana?"

"Shamba ni langu."

Pudentienne akamgeukia Shallon. "Mama Ariane, na wewe unasemaje?"

Shallon alijua mama huyu anasema kweli. Alikulia Karagwe, na utotoni aliona moto wa nyika ukimeza zizi zima. Lakini aliinama, akajifanya anakaza mkanda wa tandiko. Tusiharakishe kumlaumu. Ni wangapi kati yetu hukaza mikanda ambayo haijalegea?

Kiangazi kikaingia. Majani yakafika kifuani, yakakauka, yakawa yanachakarika usiku na mchana. Shallon akakosa utulivu. Akinusa moshi alitoka mbio, akakuta ni mtu anachoma mkaa ng'ambo ya bonde. Akirudi aliketi, akainuka tena. Farasi nao walianza kupiga kwato bila sababu.

"Benon, tuwaite majirani wakate," alisema siku moja.

"Baada ya harusi ya Jumamosi."

Harusi hiyo ikapita, ikaja nyingine. Shallon hakusema tena.

Mchana mmoja wa mwezi wa nane, Benon akiwa mjini, Gisimenti, kuonana na mteja, mrina asali mmoja huko bondeni alifukuza nyuki kwa moshi. Cheche ikaruka, upepo ukaibeba. Kufumba na kufumbua moto ukawa unapanda mteremko, ukaziba lango la barabarani.

Shallon alifungua banda, akawatoa farasi watatu. Wa nne, jike mzee aitwaye Gaju, aligoma mlangoni. Shallon akawakimbiza hao watatu kuelekea kwenye migomba, akagonga senyenge. Akaishika kwa mikono mitupu, damu ikamtoka.

"Achia! Rudi nyuma!"

Alikuwa Pudentienne, upande wa pili, na majirani nyuma yake wameshika matawi mabichi. "Nsabimana, leta koleo! Kata hapa!"

Nsabimana, fundi wa baiskeli, akakata nyuzi. Farasi wakapita. Shallon akageuka kumfuata Gaju, lakini Pudentienne akamkumbatia kiunoni, akamng'ang'ania.

"Niachie! Gaju yuko ndani!"

"Wewe iko na mtoto. Hurudi."

Walimsikia Gaju akilia, kisha hawakumsikia tena.

Majirani waliupiga moto hadi ukafia kwenye migomba. Jioni Benon alifika, akakuta banda ni majivu. "Huyo mrina asali nitamshtaki!" alifoka.

Shallon alisimama, mikono imefungwa vitambaa, mbele ya watu wote. "Cheche ni yake, Benon. Majani ni yetu. Wewe ulikataza yasikatwe, na mimi nilinyamaza. Gaju tumemuua sisi wawili."

Benon akavua kofia, akasogea kwenye majivu ya banda.

Kesho yake alikwenda kwa Pudentienne, kofia mkononi, akaomba msamaha.

"Mimi sikuja kwa sababu yako," mama huyo alimjibu. "Farasi haina kosa. Sasa keti, tupange."

Wakapanga. Farasi wakalala kwenye zizi la Pudentienne hadi mvua zilipoanza. Senyenge iling'olewa. Mwaka uliofuata, kabla ya kiangazi, majirani walikata majani na kulima ukanda mpana wa udongo mtupu kuzunguka banda jipya. Wakawekeana zamu za kuangalia moshi. Kazi ya farasi ikainuka tena, ndogo lakini hai.

Hata hivyo, watoto waliowahi kumpanda Gaju bado humuulizia. Shallon huchuchumaa, akawaeleza ukweli, kila mara upya.

FUNZO

Anayemfungia jirani njia, siku ya hatari hujikuta amejifungia mwenyewe. Nanyi mnaoona kosa nyumbani mkanyamaza ili kulinda amani, jueni kwamba amani ya namna hiyo ni majani makavu. Semeni mapema, hata kama sauti inatetemeka.